Jua la Bagamoyo katika Hesabu za Moyo

Usiku wa tarehe 4 Desemba 1889 Wajerumani wa Bagamoyo walifanya karamu. Stanley alikuwa ameingia mjini siku hiyo akitokea bara, baada ya safari iliyokaribia miaka mitatu, na pamoja naye alikuwa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta ambaye safari yote ilifungwa kwa ajili ya kwenda kumwokoa. Mwenyeji wao, Hermann von Wissmann, alimwaga mvinyo bila hesabu. Emin macho yake yalikuwa mabovu mno. Akatoka ukumbini, akadhani dirisha ni mlango wa roshani, akaporomoka kutoka ghorofani hadi barabarani. Stanley akavuka zake kwenda Unguja; Emin akabaki hospitalini Bagamoyo wiki kadhaa, akiuguza fuvu la kichwa. Mgonjwa huyu alikuwa daktari mwenyewe, jina lake la kuzaliwa Eduard Schnitzer, mtu wa Silesia.

Mji alimougulia ndio uliokuwa makao makuu ya Wajerumani Afrika Mashariki wakati huo, na ulikuwa mji wa watu wanaotembea. Misafara ya Ujiji na Tabora ilikuwa ikiishia hapa. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili za pembe, yaani zaidi ya kilo 30, akazileta begani mwendo wa mamia ya kilomita, wengine zaidi ya elfu moja. Msafara uling'oa kambi alfajiri, ukaenda mpaka jua linapoanza kuuma, kisha watu wakatua mizigo na kutafuta kivuli. Wazungu nao walilikimbia jua kwa namna yao: kofia ngumu kichwani, baraza pana, mchana kujifungia. Kwao jua la tropiki lilikuwa adui wa kuhesabiwa pamoja na homa na kuhara. Imani hiyo haikuisha upesi. Mwaka 1905 daktari wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, alitoa kitabu kizima akidai kwamba mwanga wa nchi za joto unamharibu mtu mweupe.

Kumbe wakati huohuo watoto wa miji ya kwao walikuwa wanapinda miguu kwa kulikosa jua hilohilo. Mwaka 1890, Emin akiwa ndiyo kwanza amepata nafuu, daktari mmoja Mwingereza aliyeitwa Theobald Palm alichapisha makala kuhusu ugonjwa wa matege. Palm alikuwa ametibu wagonjwa Japani kwa miaka kumi hivi kama mmisionari, na kule hakukutana na matege. Aliporudi Uingereza akayakuta kila mtaa wa maskini. Akawaandikia madaktari wa misheni waliotawanyika Asia na kwingineko akiwauliza wanaona nini. Majibu yalipomrudia aliyapanga kwenye ramani, na ramani ikasema jambo moja: matege yanakaa penye moshi wa viwanda, vichochoro vyembamba na anga la kijivu. Penye jua hayapo, hata kama watu ni mafukara na chakula chao ni haba. Palm akashauri watoto waanikwe juani. Hakusikilizwa. Daktari wa shamba mwenye barua za wamisionari hakuwa na uzito mbele ya maprofesa wenye maabara.

Maabara zilimfikia baada ya miaka thelathini. Berlin, mwaka 1919, Kurt Huldschinsky aliwaweka watoto wenye matege mbele ya taa ya zebaki inayotoa mionzi ya urujuanimno. Mifupa ikakaza. Akajaribu kumulika mkono mmoja tu wa mtoto, na mkono wa pili nao ukapona, kwa hiyo akajua kwamba kuna kitu kinatengenezwa kwenye ngozi na kusafiri kwa damu. Mwaka huohuo London, Edward Mellanby aliwafungia watoto wa mbwa ndani, akawalisha uji wa shayiri mpaka wakapata matege, kisha akawaponya kwa mafuta ya ini la chewa. Elmer McCollum, huko Baltimore, akayachemsha mafuta hayo na kuyapitishia hewa hadi vitamini A ikafa. Bado yaliponya. Basi mwaka 1922 kitu hicho cha nne kikapewa herufi ya nne, D. Mwaka 1928 Adolf Windaus wa Göttingen akapewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya ukoo wa kemikali ambamo vitamini hiyo imo.

Pwani yetu haikuwa na haja ya mafuta ya chewa. Mafuta ya ini la papa tulikuwa nayo, tunayaita sifa, na kazi yake kubwa ilikuwa kupakwa ubavuni mwa majahazi ili mbao zisipasuke. Harufu yake aliyewahi kupita penye chombo kilichotoka kupakwa haisahau. Watoto wa Bergen walikuwa wanazibwa pua wameze kijiko cha kitu kinachofanana nayo.

Ngozi ikipigwa na mionzi hugeuza aina fulani ya kolesteroli iliyomo ndani yake kuwa vitamini D; ini huibadilisha kidogo na kuipeleka kwenye damu, na hapo ndipo vipimo vya hospitali huisoma; kisha figo huikamilisha iwe homoni inayofanya kazi. Mionzi inayohitajika hupenya vizuri jua likiwa juu. Boston, tangu Novemba hadi Februari, jua liko chini mno kiasi kwamba ngozi haitengenezi chochote, hata mtu akae nje kutwa. Bagamoyo iko nyuzi sita na nusu kusini mwa Ikweta. Hakuna mwezi hata mmoja wa mwaka ambao jua lake linashindwa kazi hiyo. Ngozi nyeusi hulipunguza kwa kiasi: jaribio dogo lililochapishwa mwaka 1982 lilionyesha kwamba watu weusi sana walihitaji mionzi mara sita ya ile ya weupe ili kufikia kiwango kilekile. Lakini kwenye pwani ya wavuvi, wakulima wa mihogo na wachota chumvi, mara sita hupatikana kabla ya adhuhuri.

Mpaka hapo habari ilikuwa ya mifupa. Moyo uliingia kwa njia nyingine kabisa, na uliingia Tanganyika kabla vitamini D haijatajwa katika kesi hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alikuja kuwapima Wamasai. Wakati ule Wamarekani walikuwa wameshikwa na hofu ya mafuta ya wanyama, na Mann hakuiamini. Alitaka watu wanaoishi kwa maziwa na nyama. Mwaka 1964 yeye na wenzake, akiwamo Roy Shaffer aliyekuwa akifanya tiba Umasaini, walitoa matokeo ya wanaume 400: kolesteroli iko chini, presha iko chini, dalili za ugonjwa wa moyo hazionekani. Mwaka 1972 akatoa ripoti ya maiti 50 za Wamasai zilizopasuliwa. Mishipa ya moyo ilikuwa na utando wa mafuta, sawasawa na ya wazee wa Marekani, ila ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyosonga, hivyo damu ilipata pa kupita. Mann alitafuta maelezo kwanza kwenye miguu, kwa kuwa aliwaona wanavyotembea, baadaye akayatafuta kwenye maziwa mgando. Katika yote hayo jua halikumpitia akilini, ingawa lilikuwa likimchoma utosi kila siku ya kazi yake.

Baada ya Mann wakaja watu waliotaka kujua habari za sisi tusiokuwa Wamasai. Katika hospitali ya Muhimbili alikuwapo Donald McLarty, Mskoti, pamoja na madaktari wa hapa kama Swai na Kitange. Walipima sukari kwenye vijiji sita na mwaka 1989 wakachapisha kwamba wenye kisukari hawafiki mmoja katika kila mia. Mradi wa Wajapani wa Profesa Yukio Yamori, uliofanywa na akina Jacob Mtabaji na Marina Njelekela, uliwapima watu wa makamo Dar es Salaam, Monduli, na Handeni, ambako ukitokea Bagamoyo unapanda tu kupita Msata. Walikuja mwaka 1987, wakarudi mwaka 1998. Dar es Salaam ilikuwa mbele kwa unene, hasa wa akina mama.

Kisha ikaja taarifa ambayo mimi naihesabu kuwa nzito kuliko zote za miaka ile. Mwaka 2000, Richard Edwards na wenzake wa mradi uliokuwa unafuatilia vifo vya watu wazima walitoa matokeo ya Ilala, Dar es Salaam, na ya kijiji cha Shari wilayani Hai, Kilimanjaro. Ilala, watu wazima 30 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la damu. Shari, mlimani, kwenye migomba na hewa safi, walizidi kidogo, 32. Hadithi ya kijiji chenye afya na mji wenye maradhi ikaanguka hapo. Na katika hao wenye presha, waliojua kwamba wanayo hawakufika mmoja kwa watano. Waliokuwa wanatumia dawa ni mmoja kwa kumi. Ambao presha yao ilikuwa imeshuka mpaka panapotakiwa hawakufika mmoja kwa mia.

Huku hayo yakiandikwa, upande wa pili wa dunia kulikuwa na wazo linakua. Mwaka 1981 Robert Scragg, mtaalamu wa takwimu za magonjwa ambaye baadaye alikaa Auckland, New Zealand, aliangalia vifo vya moyo na kukuta vinaongezeka majira ya baridi na vinapungua kiangazi. Akauliza: je, siyo jua, kupitia vitamini D? Mwaka 1997 Stephen Rostand wa Alabama akaongeza kwamba presha hupanda kadiri watu wanavyoishi mbali na Ikweta. Mwaka 2002 watafiti wa Chicago wakaonyesha kwamba panya walionyimwa kipokezi cha vitamini D hutoa renini kwa wingi, na renini ndiyo inayokaza mishipa na kupandisha presha. Sasa wazo lilikuwa na ramani, majira, na mtambo. Mwaka 2008 ukaja utafiti wa Framingham, Marekani: watu 1,739, wakifuatiliwa miaka mitano na kitu, na wale wenye vitamini D ndogo sana wakapatwa na maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 62 zaidi ya wenzao. Kufikia hapo vidonge vilikuwa vinauzwa kama njugu. Kisukari, unene, presha, saratani, huzuni: kila ugonjwa ulipimwa na kila mgonjwa alikutwa amepungukiwa.

Swali likabaki moja: mwanadamu wa kawaida, asiyefungiwa ofisini, anatakiwa awe na kiasi gani? Ndipo Waholanzi wa Groningen walipokuja Tanzania. Martine Luxwolda na Remko Kuipers, wanafunzi wa Profesa Frits Muskiet, walichukua damu za Wamasai 35 na Wahadzabe 25, na mwaka 2012 wakachapisha wastani: nanomoli 115 kwa lita. Wamasai 119, Wahadzabe 109. Marekani mwaka mmoja kabla kamati ya taifa ilikuwa imesema 50 inatosha, na chama cha wataalamu wa homoni kimesema angalau 75. Hawa Wamasai na Wahadzabe walikuwa juu ya viwango vyote viwili. Namba 115 ikazunguka dunia nzima. Watu wa London na Amsterdam wakaanza kumeza vidonge ili damu zao zifanane na za Wahadzabe.

Ndani ya makala ile kuna sentensi iliyosomwa na wachache. Waandishi walisema watu hao hushinda nje sehemu kubwa ya siku, lakini hukwepa kukaa juani moja kwa moja kila wanapoweza. Yaani hawaoti jua. Wako chini ya mbuyu, wako kichakani, wako njiani asubuhi na jioni, kama wapagazi wa Bagamoyo waliotua mizigo saa tano. Ile 115 haikutoka kwenye dawa waliyoimeza, ilitoka kwenye siku yao yote: wanavyoamka, wanavyokwenda, wanavyokula, wanavyopumzika. Ilikuwa kivuli cha maisha, na watu wakakishika kivuli wakidhani wamemshika mwenyewe.

Mwenyewe alipimwa miaka hiyohiyo, na kwa bahati mbaya hakupata umaarufu. Mwaka 2010 Julia Mbalilaki na wenzake walichapisha hesabu ya nguvu ambazo Watanzania 985 wanazitumia kwa siku, juu ya zile mwili unazotumia ukiwa umelala. Wamasai walitumia kilokalori 2,565. Wakulima wa vijijini 1,500. Watu wa mjini 891. Na Wamasai, pamoja na mafuta yote ya kwenye chakula chao, ndio waliokuwa na hali nzuri ya damu na viuno vyembamba. Karibu na hapo Nigel Unwin na timu yake waliwafuata watu waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, wakawapima kabla hawajaondoka na baada ya kufika. Ndani ya mwaka mmoja uzito ulipanda kwa zaidi ya kilo mbili, na kazi za kutoa jasho zikaporomoka. Jua la Dar es Salaam na la Morogoro ni moja. Kilichobadilika ni daladala, kiti cha dukani na sahani ya chipsi.

Sikatai kwamba vitamini D ingeweza kuwa na kazi yake humo. Njia ya kujua ni moja: wape nusu ya watu kidonge, wape nusu chaki, usiwaambie, ungoje. Mmoja wa walioifuata kwa ajili ya maradhi ya moyo alikuwa Scragg mwenyewe, mwenye wazo. Aliwaandikisha Wanyuzilandi 5,110, akawapa kipimo kikubwa kila mwezi, akawafuatilia miaka mitatu na kitu. Mwaka 2017 akatoa matokeo: waliopatwa na maradhi ya moyo na mishipa kati ya waliomeza vitamini ni asilimia 11.8, kati ya waliomeza chaki ni 11.5. Miaka 36 baada ya kuuliza swali, alijijibu hapana, na akachapisha kwa jina lake. Watu wa namna hiyo si wengi katika sayansi, wala katika siasa. Boston, JoAnn Manson alifanya kubwa zaidi, watu 25,871, yuniti 2,000 kila siku kwa miaka mitano na zaidi, na zaidi ya 5,000 kati yao walikuwa Wamarekani weusi. Matukio ya moyo yalikuwa 396 upande mmoja na 409 upande wa pili. Kwa kisukari, jaribio la mwaka 2019 lenye watu 2,423 waliokuwa wanakaribia kuugua lilileta tofauti ndogo ambayo huenda ni bahati tu. Majaribio matatu yalipojumlishwa pamoja mwaka 2023 ilionekana kwamba kwa watu wa namna hiyo kidonge hupunguza hatari kwa asilimia 15 hivi. Mlango huo haujafungwa, umeachwa nusu.

Dar es Salaam nayo ilifanya jaribio lake, na ni kati ya makubwa yaliyowahi kufanywa Afrika. Wafaie Fawzi wa Harvard alikuwa ameshirikiana na Muhimbili tangu miaka ya 1990 juu ya vitamini kwa akina mama wenye virusi vya Ukimwi. Damu za zamani zilizohifadhiwa zilipopimwa upya, mwaka 2009 Saurabh Mehta na wenzake walikuta kwamba mama mwenye vitamini D ndogo, mtoto wake yumo hatarini zaidi, kwa virusi na kwa kifo. Habari ilifanana na ya Framingham. Kwa hiyo kati ya 2014 na 2017 Christopher Sudfeld, Ferdinand Mugusi, Alfa Muhihi na wenzao waliandikisha wagonjwa 4,000 waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi katika kliniki za Dar es Salaam. Sharti la kuingia lilikuwa vitamini D iwe chini ya kiwango cha 75. Watu 4,000 walipatikana, katika jiji ambalo jua huunguza nyayo! Nusu wakapewa vitamini kwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka mwaka 2020: vifo havikupungua, wala kifua kikuu hakikupungua kwa jumla. Jaribio la wajawazito lililofuata lilikwisha vilevile.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza imekuwaje mtu wa Dar es Salaam apungukiwe kitu ambacho jua linagawa bure. Jibu moja ni kwamba ugonjwa wenyewe hushusha vitamini D. Mtu aliyelala kitandani hatoki nje, na mwili wenye homa na uvimbe hubadilisha hesabu za damu. Namba ndogo inakuwa alama ya mgonjwa, haimfanyi mtu awe mgonjwa. Jibu la pili ni kuta. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Royal Hospital ya Muscat uliowapima wafanyakazi wake wanawake 41, wazima, wa umri wa kuzaa. Wote walikuwa chini ya 50. Muscat, mji ambao familia kadha wa kadha bado zinazungumza Kiswahili cha Unguja jikoni, jua lake nalo ni kali. Ila watu hutoka nyumba yenye kiyoyozi, kuingia gari lenye kiyoyozi, kufika ofisi yenye kiyoyozi, na mwili wote umefunikwa. Yule bibi yao aliyekuwa akianika mpunga uani Ng'ambo ya Unguja hakuwa na ofisi.

Nguo peke yake haielezi mambo. Wanawake wa Bagamoyo wamevaa buibui na kanga vizazi na vizazi, na uani, nyuma ya ukuta, mikono na nyuso zimekuwa wazi wakati wa kutwanga na kufua. Ua ndio umepotea kwenye nyumba mpya za Kerege na Mapinga. Hili ni langu mwenyewe, sijaona aliyelipima.

Na jua lina kazi zaidi ya moja. Richard Weller, daktari wa ngozi wa Edinburgh, mwaka 2014 alionyesha kwa watu 24 kwamba mionzi ya aina nyingine, ambayo haitengenezi vitamini D hata kidogo, hufungua ghala la oksidi ya nitriki lililomo kwenye ngozi. Mishipa hulegea, presha hushuka kidogo. Pengine ramani ya Rostand na majira ya Scragg yalikuwa ya kweli, ila mshitakiwa alikuwa mwingine. Hata hivyo Shari, karibu na Ikweta, ilikuwa na presha 32 kwa 100. Jua halikuwalinda vya kutosha kwa njia yoyote ile.

Maana mioyo ya hapa haifi kama ya Framingham. Mwaka 2014 Abel Makubi alichapisha habari za wagonjwa 427 walioletwa Muhimbili mioyo yao ikiwa imeshindwa kazi. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55. Kilichowaangusha asilimia 45 ni shinikizo la damu lililokaa miaka bila kushughulikiwa, mpaka moyo ukatanuka. Ugonjwa wa misuli ya moyo ulifuata kwa asilimia 28, moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni 12. Mishipa ya moyo kuziba, jambo ambalo Mann alilivukia bahari kulitafuta, ilikuwa asilimia 9 tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuwa umekwisha kutoa sura ya nchi: kati ya watu wa miaka 25 hadi 64, mmoja kwa kila wanne ana presha, na kisukari kimefika asilimia 9. Mbinu za upimaji si zilezile za McLarty, lakini kutoka chini ya moja hadi tisa ndani ya kizazi kimoja ni mwendo ambao hauelezeki kwa mbinu pekee.

Mwaka 2015 kitengo cha moyo cha Muhimbili kiligeuzwa kuwa taasisi inayojitegemea na kupewa jina la Jakaya Kikwete, mtoto wa Msoga, kijiji kilichokuwa chini ya halmashauri ya Bagamoyo kabla halmashauri ya Chalinze haijaundwa. Leo mtu wa Bagamoyo ambaye moyo wake umetanuka hupelekwa huko kwa barabara ya lami, mwendo wa saa mbili foleni ikikubali. Anayekwenda hivyo kwa kawaida amechelewa. Presha haiumi, mzee anavua, anapiga soga barazani, anakula samaki wake na ugali na chumvi ya kutosha, siku moja mkono unakufa ganzi na mdomo unapinda, ndipo watu wanasema ana presha.

Duka la dawa la karibu linaweza kumuuzia vitamini D kwa bei ya samaki wa siku tatu. Mtoto mchanga asiyetolewa nje, mgonjwa wa figo, mtu wa kulala kitandani, hao wanayo sababu ya kupewa na daktari. Mvuvi hana. Mwaka 2024 chama kilekile cha homoni kilichoweka alama ya 75 kiliiondoa, na kikasema watu wazima wenye afya hawana haja ya kupimwa ovyo.

Dawa ambazo zingewafaa wale asilimia 45 wa Makubi zimejaribiwa kwa Waafrika wenyewe. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya wagonjwa 728 wa presha kutoka nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo. Wote walikuwa weusi, na kila mmoja alipewa dawa mbili kati ya tatu za kawaida. Wale ambao amlodipini ilikuwa mojawapo ya mbili zao walishuka vizuri zaidi, iwe imeunganishwa na ya kukojoza maji au na perindoprili. Amlodipini ni dawa ya zamani, viwanda vingi vinaitengeneza, na humezwa mara moja kwa siku, kila siku, maisha yote.